Mwiko Mkononi mwa Mtoto: Kuhusu Vichekesho vya Kupika Watu

Swali: "Tunaishi Leeds, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Mwanangu wa miaka 11 amechaguliwa kuigiza katika onyesho la kufunga muhula. Kuna kipande cha kuchekesha ambamo mmisionari anatumbukizwa katika sufuria kubwa, na wenyeji wanaizunguka wakicheza ngoma na kubishana kama atiwe karoti au chumvi kwanza. Mwanangu, ambaye ni mtoto pekee mweusi darasani, amepewa nafasi ya mpishi. Anafurahi kwa sababu ana maneno mengi ya kusema. Mimi nilipouona mwiko wa maboksi aliokuja nao nyumbani, nilijifungia chooni nikalia. Mume wangu anasema nimekosa ucheshi, kwani mtoto ana bibi Tanga ambaye humsimulia kwa simu hadithi za zimwi linalopika watoto, na sote hucheka. Je, kuna tofauti gani? Nimkataze bibi pia? Na je, ni kweli kwamba wazee wetu walikula watu? Mtoto aliniuliza, nikakosa la kumjibu."

Dada yangu, pole sana. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kila mara nilirudi kwenye ule mwiko wa maboksi, kwa sababu naamini jibu lako limeanzia hapo. Unahofia mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwanao anadhalilishwa bila kujua, na kwamba wewe mwenyewe huenda unakuza jambo dogo. Hofu ya pili iondoe moyoni kabla hatujaendelea. Mtu anayecheka akimsikia bibi akisimulia habari za zimwi, kisha akalia akiuona mwiko ule, hajakosa ucheshi. Amesikia tofauti ambayo wengi hupita bila kuisikia, na kazi yangu hapa ni kukusaidia kuieleza kwa maneno.

Nimefundisha fasihi simulizi kwa miaka mingi, na swali linalokuja mbele katika kila darasa la ngano za mazimwi ni hili: kwa nini watu hucheka habari ya mtu kupikwa, ilhali ni katika mambo ya kutisha kupita yote? Jibu limo jikoni. Upishi ni kazi ya upendo na ya kila siku. Mtu anapopika anazungumza kwa utulivu juu ya chumvi, moto, na kama nyama imeiva au bado inahitaji dakika kumi. Utulivu huo ukihamishiwa kwa binadamu, akili ya msikilizaji inapokea mambo mawili yasiyokaa pamoja, yaani jinamizi na mapishi, na mgongano huo ndio unaomtoa kicheko. Lakini hucheka tu akiwa salama. Mtu ambaye kweli yumo chunguni hacheki, isipokuwa awe na moyo wa ajabu kama ule unaosimuliwa kuhusu Mtakatifu Laurenti, shemasi wa Roma aliyeuawa mwaka 258. Mapokeo yanasema alichomwa juu ya wavu wa chuma, na katikati ya mateso akawaambia watesi wake kwamba upande huu umeshaiva, wamgeuze, kisha wale. Wanahistoria wengi wana shaka kama kweli aliuawa kwa njia hiyo, lakini kisa chenyewe kimedumu kwa zaidi ya miaka 1,600, na Wakatoliki humhesabu kuwa msimamizi wa wapishi. Angalia ni nani anayesema maneno yale. Anayesema ni anayechomwa, na neno lake linamgeukia mwenye moto na kumvua ukuu wake.

Hapo ndipo ninapoanzia kupima kichekesho cho chote cha namna hii. Nauliza ni nani yumo chunguni, ni nani ameshika mwiko, na ni nani ameketi pembeni akicheka. Watu watatu hao wakibadilishana nafasi, maneno yaleyale huwa jambo jingine kabisa.

Chukua hadithi za bibi. Bila shaka mwanao ameisikia ile ya wasichana waliokwenda pwani kuokota simbi, mmoja akasahau simbi yake juu ya jiwe, akarudi peke yake jioni, akalikuta zimwi limekaa papo hapo. Zimwi likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka vijijini likiipiga, na msichana akiimba kutoka ndani, na watu wakilipa zimwi chakula kwa uzuri wa sauti, mpaka lilipofika kwao na mama yake akaitambua sauti. Wakalinywesha, likalala; wakamtoa mtoto, wakajaza ngoma nyuki na nyoka. Au ile ya Unguja, iliyoandikwa tangu karne ya 19, ya mchawi aliyemlea mtoto wa Sultani ili amtumbukize katika sufuria lichemkalo. Kijana akajifanya hajui afanyeje, akaomba mwenyeji wake amwonyeshe kwanza, kisha akamsukuma. Katika hadithi hizi mtoto anayesikiliza ndiye aliyemo ndani ya ngoma, ndiye aliye ukingoni mwa sufuria, na anacheka kwa sababu anajua atatoka. Tena hacheki peke yake: bibi anaimba, yeye anaitikia, na kuitikia kwake ndiko kunakomfungulia mfuniko.

Na zimwi ni nani? Zimwi halina kabila. Halina kijiji ambacho mtoto anaweza kukitembelea wakati wa likizo akawatazama watu wake kwa woga. Katika ngano nyingine lina mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele, ili wote wajue kwamba si mtu wa ukoo wo wote. Wahenga wetu walithubutu hata kulifanyia mzaha mzito katika methali, wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ukiitafakari methali hiyo, inakubali kwamba utaliwa. Faraja yake ni kwamba aliyekuzoea atakubakiza kidogo. Hutumika kwa jamaa, kwa tajiri wa kazini, kwa serikali, na mara nyingi anayeitumia ndiye anayeliwa. Vivyo hivyo dini ilipotaka kutukataza kusengenya, ilituonyesha chakula: Kurani katika sura ya 49, aya ya 12, inauliza kama kuna apendaye kula nyama ya nduguye aliyekufa. Kwa hiyo mfano wa kula mtu si mgeni kwetu, wala si mchafu. Ni chombo cha zamani cha kusema juu ya dhuluma.

Tuna pia utani, na mumeo huenda ndio anaoufikiria anaposema umekosa ucheshi. Umewaona watani msibani: wanazuia jeneza mpaka walipwe, wanamwiga marehemu alivyokuwa akila na kutembea, wanawaambia wafiwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa akiyasema. Lakini utani una sheria. Mtani ana zamu. Akikutania leo, kesho ni siku yako, na hakuna anayekasirika kwa sababu deni linazunguka. Tena mtani huyohuyo ndiye atakayechimba kaburi na kukuoshea vyombo. Sasa mtazame mwanao jukwaani. Zamu yake ya kujibu iko wapi? Ni nani katika darasa lile atasimama wiki ijayo achekwe kwa ajili ya ngozi yake na nchi ya bibi yake? Hakuna. Utani usio na zamu si utani, na mumeo, ambaye najua anataka tu amani nyumbani, anaweza kulielewa jambo hili ukilieleza kwa lugha hiyo ya kwetu.

Sufuria la mmisionari lina historia nyingine, na ningependa uijue kwa kina kidogo, kwa sababu mwalimu anaweza kukuambia kwamba ni mchezo tu, na utahitaji kujua ulikotoka.

Neno lenyewe ambalo lugha nyingi za Ulaya hutumia kwa mla watu, kwa Kiingereza "cannibal", lilizaliwa katika safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walimsimulia juu ya majirani zao wabaya waliodaiwa kula watu, naye akalichukua jina la majirani hao, bila kumwona ye yote akila mtu, na tangu hapo jina la taifa likawa jina la uovu. Si muda mrefu baadaye tuhuma hiyo ilikuwa na kazi maalumu: mwaka 1503 Malkia Isabella wa Hispania aliruhusu kukamatwa na kuuzwa kwa wale wa visiwani walioitwa wala watu. Ukishamwita mtu hivyo, umepata kibali cha kumfunga minyororo.

Sufuria nalo? Katika vibonzo vya magazeti ya Uingereza na Marekani vya karne ya 19 na ya 20, ni chungu kikubwa cha chuma, cheusi, mtu mzima anaenea ndani akiwa amevaa kofia yake. Lakini Fiji, ambako kweli kulikuwa na desturi ya kula maadui waliouawa vitani, watu walipika nyama kwa mawe ya moto katika shimo la ardhini, na shimo hilo huitwa lovo mpaka leo. Vyungu vikubwa vya chuma vilifika katika bahari zile na meli za wavuvi wa nyangumi, waliovitumia kuyeyushia mafuta. Mchoraji aliweka chombo cha kwao katika mkono wa mtu wa mbali.

Mmisionari aliyeuawa na kuliwa Fiji ni Thomas Baker, Mwingereza wa kanisa la Kimethodisti, mwaka 1867, katika kijiji cha Nabutautau. Soli ya kiatu chake imehifadhiwa katika makumbusho ya Suva, na watalii huioneshana wakicheka kwamba walijaribu kukichemsha kiatu kikakataa kuiva. Kinachonisikitisha ni kwamba pamoja na Baker waliuawa Wafiji saba, wafuasi wake, watu wa nchi ileile. Kichekesho kiliwasahau wote saba, kwa sababu ndani ya sufuria la kibonzo kuna nafasi ya Mzungu peke yake, na weusi wote sharti wawe nje wakicheza. Wanakijiji wa Nabutautau wenyewe hawakucheka. Mwaka 2003 waliwaita wazao wa Baker kutoka Australia, wakawaomba msamaha kwa sherehe kamili, wakawapa meno ya nyangumi kama mila yao inavyotaka.

Sasa geuza sufuria hilo uone upande wake wa pili. Mwaka 1789 Olaudah Equiano alichapisha London habari za maisha yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitekwa akiwa na miaka 11, umri uleule wa mwanao, akapelekwa pwani na kupandishwa katika meli ya watumwa. Alitazama akaona chungu kikubwa cha shaba kikichemka, na kando yake watu weusi wengi waliofungwa kwa minyororo, nyuso zao zimejaa huzuni. Akaanguka akazimia. Alipozinduka aliwauliza watu weusi waliokuwa karibu kama wataliwa na wale weupe wenye nyuso nyekundu na nywele ndefu. Mungo Park, msafiri wa Uskoti, naye aliandika miaka kumi baadaye kwamba watumwa aliosafiri nao waliamini kabisa Wazungu hununua watu ili wawale. Kwa hiyo lilikuwapo sufuria la kweli, na lilikuwa katika meli, na mtoto aliyeliogopa alikuwa mwafrika. Kwa ukubwa wa jambo lenyewe hakukosea sana, kwa kuwa biashara ile iliwameza mamilioni.

Hofu hiyo haikuisha. Neno letu mumiani asili yake ni Kiajemi, na kwanza lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami. Wauza dawa wa Ulaya, kuanzia mwishoni mwa zama za kati mpaka karne ya 18, waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri kwa jina hilohilo, na wagonjwa wakaumeza. Mganga mashuhuri wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliandika mwaka 1582 kuupinga. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitumia matone ya dawa yaliyotengenezwa kwa fuvu la binadamu. Pwani yetu neno likageuka kuwa jina la watu wanaonyonya damu ya wenzao, na wakati wa ukoloni tuhuma ikaangukia magari mekundu ya zimamoto. Mombasa mwaka 1947 umati ulikishambulia kituo cha wazimamoto. Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji, watu waliwaogopa batumbula, ambao walisemekana kukamata watu usiku ili wageuzwe nyama ya mikebe. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa miaka ya 1860, mabaharia wa Uingereza walipopewa nyama ya kondoo ya mikebe wasiyoipenda, walisema ni Fanny Adams, msichana wa miaka 8 aliyeuawa kikatili na kukatwakatwa huko Alton mwaka 1867. Mkebe wa nyama ulizaa hofu Katanga na mzaha mchungu katika manowari, na pande zote mbili mlaji alikuwa mtu mdogo ambaye hakujua wakubwa wamemwekea nini ndani.

Kuna kisa kimoja ambacho nakusimulia wewe, si mtoto. Mei 1888, James Jameson, kijana wa ukoo tajiri wa watengeneza wiski wa Ireland na mmoja wa wasaidizi wa msafiri Henry Stanley, alikuwa Riba Riba, mashariki mwa Kongo, katika nchi iliyokuwa chini ya Tippu Tip. Mazungumzo yakageukia wala watu. Kwa mujibu wa shajara yake mwenyewe, iliyochapishwa baada ya kifo chake, aliwaambia wenyeji wake kwamba kwao watu huziona habari hizo kuwa uongo wa wasafiri. Mmoja akamwambia atoe kitambaa aone. Akaagiza leso sita, akidhani, kwa maneno yake, kwamba yote ni mzaha. Akaletwa msichana wa miaka kama kumi, akauawa mbele yake. Baadaye Jameson alichora michoro ya tukio lile. Alikufa kwa homa Agosti mwaka huohuo. Mwaka 1890 habari zikasambaa katika magazeti ya London, watu wakabishana juu ya heshima ya mwungwana yule, na jina la msichana halikuandikwa popote. Kila mara mtu anaponiambia kwamba kichekesho hakimdhuru mtu, nakumbuka zile leso sita. Kichekesho kilikuwa kimeshawafanya watu wa nchi ile kuwa maonyesho machoni mwa mgeni, hata akalipia kutazama.

Na sisi watu wa pwani tusijitoe. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu wa karne ya 19 ndio waliowasimulia Wazungu kwamba Wamanyema, watu wa mashariki mwa Kongo, ni wala watu, na tuhuma hiyo iliwasaidia kuwaita washenzi na kuwauza. Mume wako akisema kwamba ubaguzi huu ni wa Wazungu peke yao, mwambie kwa upole kwamba sufuria hilo tumelichochea pia.

Je, ni kweli watu wamekula watu? Mtoto ameuliza swali la haki na anastahili jibu la kweli. Ndiyo, imetokea, katika mabara yote yanayokaliwa na watu. Waingereza wa Jamestown, Virginia, walikula wafu wao katika njaa ya majira ya baridi ya mwaka 1609 hadi 1610, na mifupa ya msichana wa takriban miaka 14 yenye alama za kisu imefukuliwa. Mwaka 1884 mabaharia wa Kiingereza waliopoteza chombo chao, Mignonette, walimuua mtumishi wao wa miaka 17, Richard Parker, wakamla, na mahakama ikawatia hatiani wawili kati yao. Wafore wa Papua New Guinea waliwala jamaa zao waliokufa kwa heshima na majonzi, ili mwili wa mpendwa usiachiwe wadudu. Desturi hiyo ilieneza ugonjwa wa ubongo uitwao kuru, uliowaua zaidi wanawake na watoto, na ikakoma karibu na mwaka 1960. Lakini kwa wazee wa mwanao wa Tanga jibu ni hapana. Hakuna ushahidi wo wote wa desturi hiyo kwao, na watu ambao hawamli hata kuku asiyesomewa bismillahi hawakuwa na meza ya namna hiyo.

Yuko mwanaanthropolojia wa Marekani, William Arens, aliyedai mwaka 1979 kwamba karibu habari zote za wala watu ni tuhuma za jirani dhidi ya jirani. Naona alivuka mpaka, kwa sababu ushahidi wa Fiji na wa Wafore ni mzito. Hata hivyo hoja yake ilianzia mahali ninapopaheshimu. Alipokuwa akifanya utafiti Mto wa Mbu, Arusha, mwishoni mwa miaka ya 1960, aligundua kwamba baadhi ya wenyeji walikuwa wakimwita mchinjachinja, yaani mnyonya damu. Aliyekwenda kuwachunguza wengine alijikuta yeye ndiye mla watu katika hadithi zao, na ndipo akaanza kuuliza tuhuma hizi hutoka wapi.

Tuje kwenye la kufanya. Unaweza kunyamaza, mtoto acheze, mambo yapite. Hilo sikushauri, kwani picha na video za onyesho zitabaki, na jina la utani linaweza kuanza siku inayofuata. Unaweza kumtoa mtoto katika onyesho, lakini atapoteza maneno aliyoyakariri na kujifunza kwamba adhabu imemwangukia yeye. Mwalimu anaweza kupendekeza mwiko apewe mtoto mweupe. Ni nia njema, ila wale wenyeji wanaocheza kuzunguka sufuria watakuwa bado ni watu wa kwenu, wameigizwa na wengine. Ninaloliona bora ni kuomba kipande kile kibadilishwe, na wewe uende na kibadala mkononi: hadithi ya zimwi na ngoma, iliyosimuliwa na bibi, ikafasiriwa na mwanao. Ina jukwaa zuri, wimbo, kutisha na kucheka, nyuki mwishoni, na zimwi linaweza kuigizwa na atakayeshinda kura. Mwanao abaki na maneno mengi kama aliyonayo sasa. Ikiwa wanataka hasa mzaha mkali wa kupika watu, waambie unajua kwamba lugha yao inao uliotukuka: mwaka 1729 Jonathan Swift, kasisi wa Dublin, alijifanya mshauri wa uchumi anayependekeza watoto wachanga wa maskini wa Ireland wauzwe kwa matajiri kwa kitoweo, akieleza kwa utulivu wakaangwe au wachemshwe. Hayakuwa maandishi ya watoto wa miaka 11, lakini yataweza kumwonyesha mwalimu tashtiti, yaani kejeli ya kukemea, inavyomlenga mwenye meza, si mwenye njaa.

Nenda ukazungumze naye ana kwa ana, usiandike ujumbe wa usiku ukiwa na uchungu. Mweleze habari ya mwiko kama ulivyonieleza mimi, hata habari ya kulia, kwani walimu wengi hawajawahi kufikiri kipande hicho kinatazamwaje kutoka upande wako, na wakifikiri hubadilika. Asipoelewa, omba kuonana na mkuu wa shule. Shule za Uingereza zinabanwa na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, nawe una haki ya kuitaja, ingawa ningeiweka mpaka mazungumzo ya utu yawe yameshindikana.

Kwa mtoto, anza kwa kumsifu kwamba amechaguliwa, maana hilo ni kweli na hana kosa. Kisha muulize ni nani waliomo katika kile kipande, mpishi anatoka nchi gani, na kwa nini anafikiri alichaguliwa yeye. Mwache ajibu polepole. Msimulie habari ya Equiano na chungu cha shaba; ataielewa, kwa kuwa ni mtoto wa umri wake. Usimsimulie habari ya Riba Riba mpaka awe mkubwa. Ukiona amebadilika, hataki shule, hali chakula, anaamka usiku akipiga kelele, au wenzake wamemwita jina ambalo hataki kulitamka mbele yako, usisubiri jibu la barua wala makala: nenda kwa daktari wa familia, au kwa mshauri nasaha wa shule, akutane naye uso kwa uso, kwani mambo hayo yanahitaji mtu anayemwona mtoto machoni.

Bibi usimkataze. Ila keti na mtoto wakati wa simu, mkono wako begani mwake, kama wewe ulivyokaa miguuni pa bibi huyo au mwingine kama yeye, maana zimwi likisimuliwa kwenye simu katika chumba chenye giza, mbali na mwili wa msimulizi, ni kubwa kuliko lile la barazani. Na muweke salio la kutosha. Bando likikatika pale zimwi linapofunika ngoma, mtoto atalala usiku kucha akiwa ndani yake. Mpigieni tena papo hapo, hata kama Tanga imeshapita saa nne za usiku, bibi amalizie mpaka kwenye nyuki.